Rijili Kantori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyota jirani za Jua

Kila anayeonyeshwa nyota hii kwa darubini huanza na swali lilelile: "Mbona ziko mbili?" Maswali yanayofuata nayo hufanana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Majibu hayalingani kwa urefu. Swali la kulipuka nimelimaliza kwa mistari michache, ilhali lile la uzito nimelikalia, kwa kuwa ndilo lenye utamu. Nyota iliyo peke yake hupimwa kwa kukisia kutokana na nyingine zinazofanana nayo. Nyota mbili zinazozungukana hupimana zenyewe, na kazi yetu inabaki kusoma mizani.

Rijili Kantori ni nyota ipi?

Ni ya tatu kwa kung'aa katika anga zima la usiku. Zinazoitangulia ni Sirius na Suheli tu, hiyo Suheli ikiwa ndiyo ile ambayo mabaharia wa pwani waliitumia hata jina lake likawa jina la upande wa kusini. Vitabu vingi huiita Rijili Kantori kwa jina la Alpha Centauri, yaani nyota ya kwanza ya kundinyota la Kantarusi, kiumbe wa hadithi za Wayunani aliyekuwa nusu mtu na nusu farasi. Kwa kuwa ni nyota mbili, ile kubwa nitaiita A na ndogo B, kama wanajimu wa kisayansi wanavyofanya. Kuna na ya tatu; tutaifikia.

Nitaipataje?

Elekea kusini. Tafuta kwanza Msalaba wa Kusini. Ukiwa umesimama wima, upande wake wa kushoto utaona nyota mbili kali zilizokaa kama vidole vinavyouelekeza Msalaba. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo yetu.

Msimu wake mzuri ni Aprili hadi Agosti. Katikati ya Juni, saa tatu usiku hivi, huwa imefika kilele. Kilele chenyewe hakiko juu sana: Dar es Salaam ni nyuzi 36 kutoka upeo wa macho, Nairobi 30, Kampala 29, Lubumbashi 41. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, basi mtu wa Dar ahesabu ngumi tatu na nusu. Muscat huchungulia tu, nyuzi tano na nusu, na vumbi la upeo humeza sehemu ya mwanga wake. Aliyeko London au Toronto asijisumbue, huko haichomozi kabisa. Na mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba hata sisi tunaikosa, maana Jua limekaa upande uleule.

Naona nyota moja tu. Hiyo ya pili iko wapi?

Iko hapohapo. Jicho zuri huweza kutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa dakika moja ya tao hivi, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi. A na B, hata zinapokuwa zimeachana sana, hazifiki nusu ya hapo. Huishia kwenye sekunde 22 hivi za tao, na dakika moja ya tao ina sekunde 60. Kwa hiyo mwanga wa zote mbili huingia jichoni ukiwa umechanganyika. Katika kila sehemu nne za mwanga unaouona, tatu na kidogo zimetoka A na iliyobaki imetoka B.

Ile nyota kali iliyo kando yake si ndiyo pacha wake?

Hapana, na kosa hili hufanywa na wengi, hata waliosoma kidogo. Ile ni Hadar, na iko umbali wa miaka ya nuru 390 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), karibu mara 90 ya umbali wa Rijili Kantori. Zimekaribiana kwa sababu tu tunazitazama katika mstari unaokaribiana, kama kibatari cha mlangoni kinavyoweza kuonekana jirani na taa ya mnara wa bandarini. Pacha wa kweli ni wale wanaoshikana kwa mvutano. Hadar nayo si nyota moja, ila hayo ni mambo ya siku nyingine.

Jina Rijili limetoka wapi?

Ni Kiarabu, *rijl*, mguu. Rijili Kantori ni mguu wa Kantarusi. Neno hilohilo ndilo lililozaa jina la Rigel, nyota nyeupe ya samawati katika kundinyota la Jabari, kwa maana ya mguu wa Jabari. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha jina la Rigil Kentaurus kwa nyota A mwaka 2016, na mwaka 2018 ukaipa B jina la Toliman, lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbuni, yule ndege asiyeruka.

Manahodha wa majahazi wa Bahari ya Hindi walikuwa na jina lao jingine. Dira yao iligawanywa pande 32, na kila upande ulipewa jina la nyota inayochomoza au kuzama hapo. Rijili Kantori na Hadar kwa pamoja waliziita *himaran*, punda wawili, na upande wake ulikaa jirani na ule wa Suheli. Ukienda ufukweni Mombasa usiku wa Machi ukaitazama inavyoibuka kusini kwa kusini-mashariki, utaona hawakukosea.

Nani aligundua kuwa ni mbili?

Padri Mjesuiti wa Kifaransa, Jean Richaud, akiwa Pondicherry nchini India, Desemba 1689. Alikuwa akitafuta kitu kingine, nyota yenye mkia iliyokuwa ikipita sehemu hiyo ya anga. Katika karne iliyofuata Mfaransa mwingine, Lacaille, aliipima akiwa Rasi ya Tumaini Jema, na miaka ya 1830 John Herschel akaendelea na kazi hiyo kutoka hukohuko Rasi. Muda si mrefu ikawa dhahiri kwamba zinahama, moja ikiizunguka nyingine.

Iko mbali kiasi gani?

Miaka ya nuru 4.37, sawa na kilomita trilioni 41 hivi. Nuru unayoiona usiku wa leo iliondoka kule miaka minne na miezi minne iliyopita. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa anasoma chekechea.

Umbali huo ulipimwaje na watu ambao hawakuwa hata na umeme?

Inua kidole gumba mbele ya uso, ukifumbe jicho la kulia kisha la kushoto. Kidole kitaonekana kuruka ukutani. Ukikisogeza mbali zaidi, kinaruka kidogo zaidi. Dunia nayo ina macho mawili ya namna hiyo: mahali ilipo mwezi Januari na mahali ilipo Julai, upande wa pili wa Jua. Nyota iliyo karibu huonekana kuyumba kidogo mbele ya nyota za mbali. Mtikisiko huo ndio paralaksi.

Kwa Rijili Kantori, pembe ya paralaksi ni robo tatu ya sekunde moja ya tao. Ili upate picha: chukua sarafu yenye upana wa sentimita 2.5, uitazame kutoka karibu kilomita saba. Upana wake utakuwa pembe hiyo.

Aliyeipima ni Mskoti Thomas Henderson, akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833. Alipata zaidi kidogo ya sekunde moja, si haba kwa vyombo vya wakati ule. Lakini hakuziamini hesabu zake upesi, akazikalia. Mwaka 1838 Mjerumani Friedrich Bessel akatangaza umbali wa nyota nyingine, 61 Cygni, na heshima ya kuwa wa kwanza ikamwendea yeye. Henderson alichapisha mwanzoni mwa 1839. Mimi humwonea huruma, ingawa tahadhari yake ilikuwa ya haki: wengi kabla yake walikuwa wametangaza paralaksi ambazo hazikuwapo.

A na B zinazungukanaje?

Hakuna iliyotulia. Zote mbili huzunguka kitovu kimoja cha pamoja, na mzunguko mmoja huchukua miaka karibu 80. Kwa usahihi zaidi, 79.8. Njia yake ni duaradufu iliyorefuka sana, tofauti na njia ya Dunia ambayo inakaribia kuwa duara kamili.

Tukitumia umbali wa Dunia hadi Jua kama kipimo, yaani kilomita milioni 150, basi A na B zikikaribiana huachana kwa vipimo 11.2. Zikitengana hufika 35.6. Kwa mfumo wetu wa Jua, ni kama B ingekuwa inaingia hadi mbele kidogo ya njia ya Zohali kisha kutoka hadi nje ya Neptuni. Mwendo nao haubaki uleule. Zikiwa karibu, moja huipita nyingine kwa kilomita 15 na nusu hivi kwa sekunde. Zikiwa mbali, mwendo hushuka hadi chini kidogo ya kilomita 5 kwa sekunde. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hiyo miaka 80 huipitisha zikiwa mbali.

Mara ya mwisho zilikaribiana Agosti 1955, na zitakaribiana tena Mei 2035. Aliyezaliwa 1955, Mungu akimjalia kufika, atakuwa ameishi mzunguko mmoja mzima. Tangu siku za Richaud hadi leo imepita mizunguko minne na ushei tu.

Ushauri mmoja kwa wanaofuatilia: usichanganye kukaribiana kwa kweli na kukaribiana kwa macho. Njia hii tunaitazama karibu kwa ubavu, imeinama kwa nyuzi 79, kama sahani unayoiona ukingo wake. Mwaka 2016 zilionekana zimebanana, sekunde 4 tu za tao, ilhali kwa kweli zilikuwa bado mbali. Moja ilikuwa imesimama nyuma ya nyingine, basi.

Zina uzito gani, na tumejuaje hali hakuna aliyefika huko?

Kwa lugha ya kila siku tunasema uzito; mwalimu wa fizikia atataka tuseme tungamo. A ina tungamo la mara 1.08 ya Jua, na B mara 0.91. Tarakimu hizo ni za kuaminika kuliko za nyota karibu zote unazoziona usiku, na hesabu yake inaingia kwenye kipande cha karatasi.

Anza na darubini. Ukifuatilia zinavyozungukana kwa miongo mingi, unapata duaradufu, na nusu ya urefu wake ni sekunde 17.5 za tao. Hiyo ni pembe, haijawa kilomita. Sasa mlete Henderson na paralaksi yake, kama ilivyosahihishwa: 0.75. Gawanya 17.5 kwa 0.75, unapata 23.3. Huo ndio umbali wa wastani kati ya A na B, kwa kipimo kilekile cha Dunia hadi Jua. Yaani kazi ya watu wawili walioishi nyakati tofauti, mmoja akipima mzunguko na mwingine akipima umbali, inakutana kwenye mgawanyo mmoja.

Kisha kuna kanuni ya Kepler inayounganisha umbali, muda wa mzunguko na tungamo, ambayo Newton aliieleza sababu yake. Chukua 23.3, uizidishe kwa yenyewe mara tatu: 12,650 hivi. Chukua miaka 79.8, uizidishe kwa yenyewe: 6,370 hivi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Jibu ni 1.99. Hilo ni tungamo la A na B kwa pamoja, kwa kipimo cha Jua. Nimewahi kuifanya hesabu hii kwa kikokotoo cha simu mbele ya mtu aliyekuwa hasadiki, akaomba aifanye mwenyewe. Ikatoka ileile.

Iliyobaki ni kujua nani amebeba kiasi gani. Hapa mfano mzuri ni mzega. Mchukuzi wa maji mwenye ndoo mbili nchani mwa mti hauweki mti begani katikati kabisa kama ndoo hazilingani. Huusogeza hadi bega likae karibu na ndoo nzito. Ukiona bega lilipo, unajua ndoo ipi ni nzito na kwa kiasi gani, bila kuzigusa. Bega la A na B ni kile kitovu cha pamoja. Ukiugawa umbali wao sehemu 100, kitovu kiko sehemu 45.7 kutoka A na 54.3 kutoka B. Kwa hiyo A ndiyo nzito, na 1.99 hugawanyika kuwa 1.08 na 0.91.

Kitovu hakionekani, lakini mfumo mzima ukisafiri angani, chenyewe huenda kwa mstari ulionyooka huku A na B zikijipinda huku na huku kukizunguka. Njia ya pili ni kupima kwa spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, kasi ya kila nyota ikija kwetu au ikienda: nyepesi hukimbia zaidi. Njia hizo mbili zinakubaliana. Vipimo vya mwaka 2021, vilivyotumia mitambo ya redio ya ALMA kule Chile, vilinoa tu tarakimu za mwisho.

Jiulize sasa tungelijuaje tungamo la A kama ingekuwa peke yake. Tungetazama rangi na mwanga wake, tukasema "inafanana na Jua, basi itakuwa na uzito wa Jua." Si jibu baya. Lakini hata huko kufanana kulijifunza kutoka kwa nyota pacha.

Zinafanana vipi na Jua kwa ukubwa, joto na rangi?

A ni kama ndugu wa Jua. Iko katika aina ileile, G2, joto la uso wake ni kelvini 5,800 hivi, kipenyo chake ni mara 1.22 ya Jua, na hutoa nuru mara 1.5. B ni ndogo na yenye joto la chini: aina K1, kelvini 5,230 hivi, kipenyo mara 0.86 ya Jua, nuru nusu ya Jua. Kwenye darubini A ni ya manjano hafifu na B inaelekea rangi ya chungwa, ingawa watu wawili wakichungulia huweza kubishana sana kuhusu rangi.

Kipenyo nacho kilipimwa moja kwa moja. Mwaka 2003 darubini za Paranal, Chile, zilizounganishwa zifanye kazi kama chombo kimoja, zilipata upana wa A kuwa sehemu 8.5 za elfu ya sekunde ya tao, na B sehemu 6. Paralaksi ikaugeuza upana huo kuwa kilomita.

B ni nyepesi kidogo tu kuliko A. Mbona nuru yake ni theluthi moja?

Swali zuri, na watu wachache huliuliza. Nuru ya nyota hutegemea eneo la uso wake na joto la uso huo, na joto lina nguvu mno: nuru hupanda kwa joto lililozidishwa kwa lenyewe mara nne. Kipenyo cha A ni mara 1.42 ya B, hivyo uso wake ni mara 2. Joto lake ni mara 1.11 ya B, jambo linaloonekana dogo, lakini likizidishwa hivyo mara nne huwa 1.5. Mbili mara moja na nusu ni tatu.

Sababu ya ndani ni kwamba nyota nzito zaidi hukandamizwa zaidi kiini chake, na hidrojeni kugeuka heliamu kwa kasi zaidi. Ongezeko la tungamo la asilimia 19 tu limezaa nuru mara tatu. Ndivyo nyota zilivyo. Nzito hutumia akiba yake kwa fujo.

Zina umri gani?

Makadirio mengi huangukia miaka bilioni 5 na ushei, kubwa kidogo kuliko Jua lenye bilioni 4.6. Umri haupimwi kwa usahihi kama tungamo. Msaada mkubwa umetoka kwenye mitetemo: uso wa A hupanda na kushuka kila dakika 7 hivi, kama ngozi ya ngoma, na mwaka 2001 mitetemo hiyo ilinaswa kwa darubini ya La Silla. Mlio wa ngoma hubadilika kulingana na kilichomo ndani, na ndani ya nyota heliamu huongezeka kadiri inavyozeeka. Jingine la kujua: zote mbili zina elementi nzito kama chuma kwa wingi wa mara moja na nusu hivi ya Jua.

Na hiyo ya tatu?

Proxima. Iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes kule Johannesburg. Ni kibete chekundu: tungamo asilimia 12 ya Jua, kipenyo mara moja na nusu tu ya sayari ya Mshtarii, joto la uso kelvini 3,000 hivi. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.25, kwa hiyo ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua. Lakini ni hafifu mara mia kuliko nyota dhaifu kabisa inayoonekana kwa jicho. Hebu fikiria: jirani wa kwanza wa Jua haonekani bila darubini.

Haiko hata katika nukta moja na wenzake. Angani imeachana nao kwa nyuzi 2 na kidogo, upana wa Miezi minne iliyopangwa mstari. Kwa muda mrefu kulikuwa na shaka kama ni ya familia au ni mpita njia. Vipimo vya kasi vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha kwamba imefungwa kwa mvutano, na kuizunguka A na B huichukua karibu miaka 550,000.

Kuna sayari?

Kwa Proxima, ndiyo. Mwaka 2016 ilitangazwa sayari yenye tungamo lisilopungua lile la Dunia, inayomaliza mwaka wake kwa siku 11.2. Iko mahali ambapo maji yangeweza kuwa kimiminika, lakini Proxima ina tabia ya kurusha milipuko ya mionzi, kwa hiyo msikimbilie kuiita Dunia ya pili kama magazeti yalivyofanya. Mwaka 2022 ikaongezeka nyingine ndogo zaidi, ya siku 5.

Kwa A na B habari ni za kusuasua. Mwaka 2012 ilitangazwa sayari ya B kwa shangwe. Mwaka 2015 uchambuzi mpya ukaonyesha kwamba ilikuwa kivuli cha hesabu. Agosti 2025 watafiti walieleza nukta iliyonaswa na darubini ya James Webb kando ya A mwaka uliotangulia, huenda ikawa sayari ya gesi yenye tungamo karibu na la Zohali. Walipotazama tena hawakuiona. Hadi itakapoonekana mara ya pili, mimi naiita mgombea.

Je, sayari inaweza kudumu kati ya nyota mbili? Ndiyo, ikijikunyata karibu na mojawapo, ndani ya umbali wa mara mbili hadi tatu hivi ya ule wa Dunia na Jua. Ikitoka nje ya hapo, mvutano wa nyota ya pili huivuruga.

Nikisimama kwenye sayari ya A, ningeona nini?

Mchana, jua lako A. Kisha B, nukta kali isiyotazamika kwa jicho, mwanga wake ukiwa zaidi ya mara 100 ya mwezi mpevu hata inapokuwa mbali, na ikikaribia ikizidi hapo mara kumi kwa mwanga. Sehemu ya mwaka ingewaka usiku, ungesoma gazeti bila taa, na giza totoro lingekuja kwa msimu. Proxima ingekuwa nyota hafifu tu kati ya nyingine. Ungelazimika kuonyeshwa ilipo.

Zitagongana? Au zitatugonga sisi?

Hazitagongana, njia yao ni imara. Kuhusu sisi, kweli zinakuja upande wetu kwa kilomita 22 hivi kwa sekunde, lakini zinapita kando. Baada ya miaka 27,000 hivi zitafika umbali wa miaka ya nuru 3, kisha zianze kuondoka.

Zitalipuka?

La. Nyota huhitaji tungamo la takriban mara 8 ya Jua ili ife kwa mlipuko mkubwa. A itavimba iwe jitu jekundu kisha isinyae kuwa kibete cheupe, kama Jua. B itafuata baadaye sana. Proxima itaendelea kufuka polepole kwa matrilioni ya miaka.

Tunaweza kufika?

Kwa vyombo tulivyo navyo, hapana. Voyager 1 hukimbia kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo safari ingechukua miaka 77,000 hivi. Nayo haielekei huko.

Nitumie darubini gani kuziona mbili?

Ndogo inatosha: yenye lenzi ya milimita 60 na ukuzaji wa mara 60 hivi. Darubini ya mkononi ya kutazamia ndege kwa kawaida haitoshi. Tangu 2016 zimekuwa zikiachana kwa macho, na zitafika karibu sekunde 10 za tao mwishoni mwa miaka ya 2020, kisha zibanane tena kwa haraka. Kwa hiyo miaka hii ndiyo ya kutazama.

Subiri nyota ifike kilele, maana ikiwa chini hewa huichezesha hadi iwe kama moto wa kuni. Iache darubini nje nusu saa ipoe kabla ya kuanza. Weka nyota katikati, rekebisha ukali wa picha polepole, na usihangaike ukiona mwanga mmoja unaorukaruka. Tulia, ngoja hewa itulie hata kwa sekunde moja. Ile ndogo ya rangi ya chungwa itajitenga yenyewe.